Risiti ya Mkilua

Jumanne nilifunika cherehani kwa shuka
nikamwambia Bi Rukia wa chumba cha pili:
mwenye suruali akija, mwambie fundi katoka kutembea.
"Kutembea wapi?"
Bustanini, nikasema. Kisha makumbusho.
Akanitazama kama niliyesema naenda mwezini,
na huko mwezini hakuna hata tuktuk.

Basi la Mambrui liliniteremsha darajani.
Konda alinidai kumi, mimi nikamdai ishirini,
tukaachana kila mmoja akimsamehe mwenziwe.
Chini, Sabaki ulikuwa umebeba bara zima,
mashamba ya watu nisiowajua,
rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Mto haulipi nauli. Unapanda popote, unashuka baharini.

Bustani ya mzee Kazungu haina lango.
Kuna kamba, na kwenye kamba kopo;
ukilitikisa, mbwa hubweka kwanza, mwenyewe hufuata.
Miche yake imo kwenye pakiti za maziwa zilizokatwa vichwa,
naye huiita kwa majina ya walioiagiza
wasirudi kuichukua:
"Huyu Mama Salome. Huyu Mwalimu.
Huyu ni yule Mtaliano wa pikipiki."
Mkilua ulikuwa mmoja, majani manne,
hauna jina la mtu.

Mama akivaa kikuba, nyumba nzima ilijua
leo hakuna ugomvi.

Nikatoa mia. Sikupatana bei.
Kuna vitu ukivipunguzia bei
unajipunguza mwenyewe.

Kurudi mjini, mche mapajani,
dereva wa tuktuk akanichungulia kwenye kioo:
"Huyo mtoto unampeleka kliniki?"
Si mtoto, nikamjibu. Ni mama.
Akanyamaza mpaka Barani.

Mlangoni mwa makumbusho nikazuiwa.
"Mimea hairuhusiwi. Ina wadudu."
Ndani mna mlango ulioliwa na mchwa miaka mingi,
sasa wanaulinda usiliwe na mchwa.
Sikubishana. Mlinzi jina lake Chengo,
limeshonwa kifuani, herufi ya mwisho imepanda juu
(jicho la fundi halina likizo).
Akachana karatasi kwenye daftari la wageni, akaandika:
*Mche 1. Mwenyewe atarudi.*
Nusu akaning'iniza kwenye shina, nusu akanipa mimi.

Niliona sahani zilizovunjika, zikaungwa, zikavunjika tena.
Niliona sarafu zisizonunua kitu.
Watoto wa shule walipita mbio, mwalimu nyuma yao
akihesabu vichwa, hahesabu karne.
Mimi nikakwama mbele ya kanzu moja.
Maelezo yanataja mwaka, yanataja aliyeivaa.
Aliyeishona, kimya.
Nikainama mpaka pumzi yangu ikaziba kioo,
nikafuta, nikaangalia tena:
kwapa la kushoto, mshono umerudiwa.
Alikosea huyu bwana. Akafumua usiku, labda, taa ikimfukia moshi,
akashona upya, akaomba mteja asione.
Mteja hakuona. Wala mfalme yeyote, wala mgeni yeyote.
Nimeona mimi, ndugu yangu.
Na sitamwambia mtu.

Nilipotoka, Chengo alikuwa amehama na kiti chake:
yeye juani, mkilua kivulini,
na chupa yake ya maji imebaki nusu.
Nikamnyoshea ile nusu karatasi.
"Kaa nayo," akasema, "sisi tunayo kumbukumbu."

Mwenye suruali alikuja, hakungoja.
Bi Rukia kila asubuhi huuliza kama ua limetoka.
Bado.
Kuna jani la tano, dogo, limekunjamana kama sikio la paka.
Karatasi sijaifungua shinani.
Kila nikimwagilia, wino unakimbia kidogo:
imekwenda *Mche*, imekwenda moja,
*Mwenyewe* limebaki doa la buluu.
Linalosomeka ni moja tu,
atarudi.