Herufi za Risasi

Barua ya Kapteni Averill iliandikwa Machi,
ikatufikia Oktoba, mvua ikinyesha,
ndani ya mkoba wa tandiko, ikinuka shahamu ya dubu,
pembe moja imeliwa na panya wa mto Ohio.
Kaka yangu Lemuel aliibusu.
"Keziah," akasema, "ukurasa wa kwanza, safu mbili.
Bei ya chumvi iende nyuma."

Mimi ndiye mpanga herufi.
Nasoma kinyumenyume, kulia kwenda kushoto,
na vidole vyangu hupata habari kabla ya macho.
Basi vidole hivi vilikuwa vya kwanza mjini kwetu
kuvuka mto mkuu, kuupanda uwanda wa nyasi,
kuona nyati wakipita tangu alfajiri hadi magharibi
na kundi lisikatike.

Lakini Kapteni, mtu mwaminifu, aliandika na mengine:
kwamba Januari, njaa ilipowafikisha ukingoni,
walilishwa mahindi na maboga makavu
katika mji wenye nyumba arobaini za udongo;
kwamba mama mmoja alimkanda miguu iliyoganda.
Akaorodhesha vijiji, kumi na kimoja,
kila kimoja kwa jina lake, kwa tahajia ya kubahatisha.

Lemuel akapitisha kalamu.
"Majina haya hayatamkiki. Na safu imejaa."
Juu ya mistari aliyoifuta akaandika:
"nchi kubwa, nzuri, tupu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji alikatwa ili tangazo lienee:
farasi jike amepotea, ana doa jeupe usoni;
na chini yake Absalom, miaka ishirini na miwili,
kovu shavuni, amemtoroka bwana wake,
dola kumi kwa atakayemrudisha.
Yeye jina lake tulilipanga kamili, kwa herufi kubwa.

Sikusema kitu. Nilikuwa na mikono miwili na deni la karatasi.
"Tupu" ilitaka u mbili; sandukuni imebaki moja.
Nikachukua n, nikaipindua kichwa chini.
Nani atajua?

Jumatano gazeti likatoka.
Likasomwa kwa kinyozi, likasomwa nje ya kanisa,
likasomwa na watu waliokwisha kufunga magari ya ng'ombe.
Magazeti ya mashariki yakatunakili, neno kwa neno,
na baada ya miezi mitatu "tupu" ikarudi kwetu
kutoka Filadelfia, imenyooka, ina u zote mbili,
imekwisha kuwa kweli.

Lisemwalo lipo.
Na lililofutwa?

Theluji ilipoyeyuka Lemuel akanunua herufi mpya.
Zile za zamani, zilizolika, alimuuzia kwa ratili
mfanyabiashara wa ngozi, anaelekea magharibi na watu thelathini.
Niliwaona uani, wamekoka moto chini ya sufuria.
Zikaingia a, e, m, na ile n yangu ya ujanja,
zikalegea, zikang'aa kama zebaki,
zikamiminwa katika kalibu.

Nilizihesabu zikipoa kwenye majivu. Nilipofika mia nikaacha.

Usiku niliitafuta barua. Lemuel alikuwa ameiwashia kiko.
Kijiji kimoja tu ninakikumbuka,
na hata hicho
ni vidole vinavyokikumbuka, kinyumenyume.