Subana

Mume wangu Rasih hushona mifarishi, Niksar,
kama baba yake, kama babu yake.
Sindano ndefu, uzi wa hariri, satini ya waridi
kwa kitanda cha bibi harusi asiyemjua.
Kila alipojidunga, kidole kilitunga usaha.
"Mikono ya karani hiyo," mzee alimkejeli,
"fundi hutoka damu, hafugi jipu."
Rasih akanyamaza, akamung'unya ulimi
uliojaa vidonda.

Vidonda. Nilidhani ni chumvi ya jibini,
nikaacha kutia jozi kwenye mkate.
Vilipona wiki mbili, vikarudi na wenzao.
Miundi ikaota vinundu vyekundu, vigumu kama mbaazi,
goti la kushoto likavimba, akashindwa kukunja miguu
juu ya satini, kama kazi inavyotaka.

Kisha kimoja kikatoka mahali
ambapo hata daktari huuliza kwa sauti ya chini.
Nitasema mimi, maana yeye hawezi:
nilimshuku.
Nilipekua mifuko ya koti nikitafuta mwanamke,
nikapata risiti za uzi
na karafuu alizotafuna kukiliwaza kinywa.
Miezi minne tulilala mzungu wa nne
chini ya mfarishi alioushona kwa harusi yetu.

Februari jicho la kulia likaiva.
Asubuhi ya tatu niliona, mbele ya mboni,
weupe umetuama
kama maziwa yaliyobaki chini ya glasi.
"Hacer," alisema, "washa taa."
Taa ilikuwa inawaka.

Samsun, Daktari Nesrin hakuuliza habari za wanawake.
Aliuliza kinywa. Mara ngapi kwa mwaka?
Akachukua sindano tupu, isiyo na dawa,
akamdunga mkononi, akachora duara kwa kalamu.
"Rudini keshokutwa."
Siku mbili kwa wifi yangu tulilitazama duara lile
kama watu wanaongoja unga uumuke.

Likatunga.
Kichwa cheupe, punje ya mtama.
Daktari akatabasamu, mimi nikalia,
Rasih akasema: "Kumbe!
Miaka kumi na tisa kidole changu kinajibu mtihani huu,
hakuna wa kusahihisha."

Ugonjwa una jina la daktari wa Istanbul aliyekufa zamani,
jina fupi, halijazi mstari wa faili.
Mwili, tulielezwa, ni jirani anayeita zimamoto
kwa mvuke wa birika la chai.
"Hauambukizi," daktari aliniambia bila kuulizwa,
"wala hakuutoa kwa mtu."
Nilitazama viatu vyangu.

Sasa dawa zina nyakati zake kama sala.
Prednisoloni, iliyomvimbisha mashavu
na kumwamsha saa nane usiku kutafuta mkate.
Azathioprini, na damu ya kupimwa kila mwezi.
Matone ya jicho. Dripu kila wiki ya nane,
basi la alfajiri, soksi mbili mbili.
Na kolkisini, kidonge kisichozidi dengu,
asili yake ua la zambarau la malisho ya juu kwetu.
Wachungaji huliita Haya-nenda:
likichanua, shusha kondoo, baridi ipo njiani.
Utotoni tulikatazwa hata kuligusa. Sumu.
Rasih humeza asubuhi na jioni,
tumbo linanung'unika, yeye anabaki.

Jicho limerudi, si lote.
Huona kama mtu aliye ndani ya hamamu.
Maua madogo ya pembeni nayashona mimi,
yeye huchora, hunifumulia, hunirudishia.
Siku mbaya bado zipo. Siku hizo anakula supu ya baridi
na hatuzungumzi sana.

Mzee wake alikuja Jumapili.
Hakusema pole.
Alikunywa chai mbili, akatoa mfukoni
subana yake ya shaba, ya miaka hamsini,
akaiweka kando ya sukari, akavaa kofia, akaenda.

Ni kubwa, inacheza kidoleni.
Nimeijazia pamba.