Kaloli Mwenye Mkia wa Tausi

Kalenda ya mwaka juzi haijui kwamba mwaka juzi umekwisha.
Bado inaning'inia juu ya ndoo zangu, hapa Walukuba,
Desemba yake imejikunja kama sikio la mbuzi,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu:
THAKKAR NA WANAWE. MISUMARI, RANGI, KUFULI. JINJA.

Juu ya misumari hiyo wanaishi samaki.
Samaki wa Mithila, aliniambia Bhanumati dukani,
huku akipima nusu kilo ya misumari ya bati.
Huko wanawake huchora kuta za nyumba zao
kwa masizi ya taa, kwa manjano ya mchuzi,
kwa kijiti cha mwanzi kilichofungwa uzi.
Kila mstari una pacha wake.
Kila samaki ana jicho pana,
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.
Na hawaachi nafasi tupu, alisema, hata ya punje.
Pakibaki wazi wanapanda ua.

Nikamwuliza: huyu aliyechora ni nani?
Akavaa miwani, akapekua Januari mpaka mwisho.
Jina la mpiga chapa lipo. Namba ya simu ya duka ipo.
"Ni mama fulani," akasema, na akaona haya kwa niaba ya kalenda.

Miaka kumi na tisa nilikagua vitenge kiwandani.
Kazi yangu ilikuwa kutafuta kosa ndani ya ua.
Kiwanda kilipofungwa, jicho halikufungwa.
Liliendelea kutafuta: ufa, kutu, doa,
hadi siku lilipotua juu ya kopo la siagi
nililokuwa nimeshaliinua kulitupa.

Basi kopo. Kisha chupa ya chai iliyopasuka moyo.
Trei za mayai, balbu zilizoungua,
kandambili ya Adikini, ya kushoto (ya kulia ililiwa na mbwa),
ambayo naichonga kwa wembe iwe muhuri wa magamba.
Nyeupe ni uji mzito wa mhogo.
Nyeusi naikwangua chini ya sufuria.
Buluu ni masalio ya mlango wa jirani,
na manjano ananipa Bhanumati, kijiko, bila kuandika deni.
Adikini hupita akiuliza kama nanunua pia betri kuukuu.
Namwambia acha hapo.

Tausi sijapata kumwona. Nilijaribu; akatoka kuku mgonjwa.
Ninayemjua ni kaloli wa jalala la soko,
koo kama soksi iliyoanikwa, miguu ya chaki,
anayechagua takataka taratibu, kama mimi.
Nikamchora huyo. Mkia nikampa ule wa kalenda,
macho yote ishirini na moja.
Hakustahili. Ulimkaa vizuri.

Kagoya, mjukuu wangu, ndiye anayechora mstari wa pili.
Mimi natangulia, yeye ananifuata kwa kijiti chake,
ulimi nje, pumzi imezuiwa, bila kugusana na wangu.
Juzi nikamsikia akiuita ule mstari: "Babirye, njoo. Babirye, kata kona."
Babirye alimtangulia kuzaliwa kwa robo saa
na hakumaliza wiki.
Hakuna aliyewahi kumfundisha mtoto huyu kulitaja jina hilo.
Sikusema kitu. Nilikoroga mhogo
ambao ulikuwa umekorogeka tayari.
Katikati ya mistari miwili hubaki njia nyembamba,
nayo nikamwachia yeye aijaze anavyotaka.
Akaijaza nukta. Nukta, nukta, mpaka kopo likazunguka lote.

Sasa makopo saba yako dukani kwa Bhanumati,
ndani yake misumari, inchi mbili, inchi tatu.
Wateja huuliza bei ya kopo, halafu husahau misumari.
Akiligeuza mtu ataona nilichoandika chini, kwa masizi,
herufi za mkaguzi, zilizosimama wima:

Samaki ni wa mama fulani wa Mithila.
Kaloli ni wangu.
Nukta ni za Kagoya na Babirye.