Koti la Zamu

Mpwa wangu kaniletea noti mpya kutoka nyumbani,
ya mia, bado inanuka wino.
Uso ni wako, Hoza, ila mashavu wamekuongezea.
Koti nalijua.
Kifungo cha pili kutoka juu nilikishona mimi
kwa uzi wa gunia, baridi ya hamsini na mbili,
na mchoraji, Mungu amjalie, hakukinyoosha.

Tulikuwa wawili hapa Dundee, na koti moja.
Jumatatu lako, Jumanne langu,
Jumapili la atakayetangulia kuamka.
Asiye na zamu alibaki jikoni kwa Bi Lorimer,
miguu kaiingiza kwenye joko lililokwisha zimwa,
akisoma sheria za watu wanaorithishana mito.

Bi Lorimer alikuwa hasikii.
Miaka thelathini na moja ya mitambo ya juti
ilimla masikio, yeye na wanawake wenziwe wa Hilltown.
Walisemezana kwa midomo, dirisha hadi dirisha,
umbea mtaa mzima na kimya kama theluji.
Ukimwambia jambo haraka alikuwekea kiganja usoni:
Rudia. Fungua kinywa. Sina siku nzima.
Ukarudia. Neno, kituo. Neno, kituo.
Leo magazeti yanaandika kwamba wasema hivyo
kwa kuwa kila neno unalipima kwanza.
Waache waandike.
Mimi nilikuwapo ulipokuwa ukiomba chumvi.

Alhamisi ile zamu ilikuwa yangu.
Wanawake wa kiwandani walikuwa na mkutano wa mishahara,
wakataka mmoja wetu akawaeleze
kamba inaanzia wapi, na aliyeikata alilipwa nini.
Mimi ndiye mtoto wa mkata mkonge.
Baba yako alikuwa karani wa forodha, Hoza,
panga kwake lilikuwa la kufyekea maua.
Lakini ulimi wangu ulikuwa mzito, mvua ilikuwa ya barafu,
nawe ulikuwa umesimama mlangoni, mkono mmoja
umeshaingia kwenye koti.
Nikasema, nenda.

Sikusikia hotuba. Aliniletea Bi Lorimer,
saa nne usiku, shali ikichuruzika maji.
Aliketi mbele yangu chini ya taa
akanirudishia yote kwa midomo, bila sauti,
na humo, kati ya meno yake ya bandia,
nikamwona baba yangu akipita.
Mwiba ukimtoboa jicho la kushoto.
Msimamizi akimkata nusu siku kwa kuchelewesha mstari.
Kipande chake chenye damu, kimekunjwa mara nne.
Vyote nilivyokusimulia gizani, kitanda kwa kitanda,
wakati wewe nadhani umelala.
"Baba yangu," midomo ya Bi Lorimer ilisema.
"Baba yangu," umesema wewe.
Wanawake mia tatu waliweka chini sindano zao za kufumia.

Uliporudi hukunitazama. Ulilitundika koti
upande wangu wa ukuta, ukalipapasa mabega.
Nami ningesema nini? Ningesimama mimi
baba angebaki na jicho moja shambani, basi,
hakuna ambaye angemjua.
Wiki ile ile wakakuita Glasgow. Kisha London.
Koti halikurudi tena kwenye zamu.
Baridi nzima nilitembea na shali ya mwanamke.

Sikudai. Wala leo sidai.
Uliniletea kadi mwaka wa bendera,
mhuri wa ikulu, sahihi ya karani.

Nyuma ya noti wamemchora mkata mkonge,
kainama, kofia imemfunika uso.
Naigeuza. Naigeuza tena.
Mgongo kwa mgongo, wewe naye,
wala hamjawahi kuonana.

Benki ya hapa hawaibadilishi.
Niliuliza, polepole, kinywa wazi,
binti wa dirishani akadhani mimi ndiye kiziwi.