Pini Mdomoni

Wiki ile nilishona suruali mbili za mazishi,
gauni la ubatizo, na mashati arobaini na sita:
ishirini na mawili ya NDIYO, Nevis ijitoe,
ishirini na manne ya HAPANA, tubaki.
Cherehani haikuuliza. Uzi ulikuwa mmoja,
mweupe, wa dukani kwa Bibi Claxton,
na deni lake moja.

Charlestown ilikuwa haisalimiani.
Hata muuza samaki alikuuliza kwanza
ndipo akashika mizani.

Kaka yangu Cuthbert alisimama juu ya stuli,
mikono kaitandaza, nikimpima koti,
naye akihubiri: "Barabara zao, hospitali zao,
sisi tunaletewa makombo kwa feri
na risiti juu yake!
Mtegemea cha ndugu hufa maskini."
Mume wangu Alford, mzaliwa wa ng'ambo ile,
maili mbili tu za maji,
hakuinua macho kwenye redio aliyokuwa akiifungua.
"Watu elfu tisa na bendera. Mtaipandisha wapi,
kwenye pembe za mbuzi?
Kata pua, shemeji, uunge wajihi."

Wakanigeukia wote wawili. Na wewe, Iselma?

Nilikuwa na pini saba mdomoni.
Mshonaji ana ruhusa hiyo:
kuna saa ambazo kusema ni kumeza chuma.

Wanajua wote wawili kwamba mkondo huo wanaougombea
ndimo alimobaki baba. Agosti, mwaka wa sabini,
feri ilijaa watu wa visiwa vyote viwili, ikazama,
na walioletwa na maji tuliwazika haraka
bila kuuliza nani wa upande gani,
maana jua lilikuwa kali, na nyuso hazikusomeka tena.
Cuthbert husema: ndiyo maana tuondoke,
tungekuwa na meli yetu.
Alford husema: ndiyo maana tubaki,
kaburi ni moja.
Mimi hukumbuka viatu vya shule
alivyokuwa amekwenda kuninunulia.
Hadi leo sijui vilikuwa vya rangi gani.

Jumatatu tukapiga kura.
Tulishikana mikono, Alford na mimi, hadi mlangoni,
kisha kila mtu na pazia lake.
Pazia hilo nililishona mimi;
pindo lake la kushoto limekwenda upande,
nikalitazama muda mrefu kuliko karatasi.

Usiku, redio ikatangaza: katika kila mia,
kama sitini na wawili wamesema ndiyo.
Cuthbert akapiga honi kutoka Gingerland hadi bandarini
kabla mtu hajamkumbusha sheria.
Theluthi mbili. Sitini na sita na ushee.
Walioshinda wakawa wameshindwa,
na walioshindwa hawakujua
kama ni adabu kucheka.

Mimi theluthi naijua. Katika yadi tatu, kata mbili;
ukipungukiwa na inchi chache sketi haifungiki kiunoni,
hata kitambaa kiwe hariri, hata mteja alie.
Lakini mteja aliyekosa sketi mpya haendi uchi.
Anarudi nyumbani na ile ya zamani,
na kila akiketi anahisi panapombana.

Baadhi ya mashati yamerudi. Ya NDIYO na ya HAPANA
nimeyakata yote, nafutia mafuta ya cherehani.
Nyuzi za herufi ndizo ngumu kufumua.

Koti la Cuthbert hajaja kulichukua.
Limetundikwa msumarini tangu Agosti ile,
na kila Jumamosi, pasipo kuambiwa,
Alford hulipangusa vumbi mabegani.
Juzi alidungwa: kumbe pini moja
niliisahau kwenye ukosi.
Akanyonya kidole, akaitazama ile pini,
akairudisha palepale ilipokuwa.