Safu ya Wategemezi

Barua ya bima iliingia Jumanne
ikakuta chai yangu haijapoa.
Ukurasa mmoja. Asilimia thelathini na moja
juu ya tulicholipa mwaka jana,
na chini yake sahihi iliyopinda kama ndoana.

Mimi ni karani wa mishahara, Gongoni,
mwendo kidogo kaskazini mwa Malindi,
na kila anayekwangua chumvi hapa namjua kwa jina,
maana nimeliandika, mwezi baada ya mwezi,
na pembeni yake makato.

Meneja Mwadime aliniita. Si mtu mbaya.
Alifunga mlango, akavua miwani, akajifuta uso.
"Bei ya chumvi imelala," akasema,
"bei ya hospitali haijui usingizi."
Tukaketi, kalamu nyekundu katikati yetu,
kama watu wanaogawana samaki mdogo.

Tukaanza na meno.
"Nani hufa kwa jino?" Nikacheka,
na gego langu la kushoto likanisikia.
Meno yakatoka.
Kisha kila amwonaye daktari atoe mia tano mlangoni,
"wasikimbilie huko kwa mafua."
Nikaandika. Mia tano ni siku nzima ya jembe.
Kisha macho.

Hapo kalamu ilisita, na mkono ulikuwa wangu.
Umewahi kulitazama dimbwi la chumvi saa saba mchana?
Jua hukupiga toka juu, likakurudia toka chini.
Mbodze Thoya, miaka kumi na minne kazini,
hutia sahihi kwa kupapasa.
"Nionyeshe mstari, mwanangu."
Naweka kidole, naye huandika kando yake
mpaka wino ukanigusa ukucha.
"Macho," meneja alirudia, akitazama dirisha.
Nikaandika.

Hesabu bado ilikataa.
Ikabaki safu ya mwisho: wategemezi.
Mume au mke, abaki. Watoto, wasizidi wanne.
Wazazi —
"Hao ndio wanaozimaliza pesa.
Figo. Sukari. Presha."
Wazazi mia moja na sita.
Kompyuta haina swali: unachagua, unabonyeza,
safu inakuwa nyeupe.

Mmoja wao ni wangu.
Nyevu wa Kitsao. Kazaliwa mwaka wa njaa,
tarehe nilimbunia mwenyewe: mosi Januari.
Mtegemezi, niliandika, wala sikujiuliza
ni nani aliyelea wanangu nilipofiwa na mume,
na ile miezi miwili kampuni ilipochelewa kulipa
tulikula mihogo ya shamba la nani.

"Na mama yako wewe?" nikamuuliza.
Alikawia kujibu.
"Yumo kwenye ile nyingine. Ya wakubwa.
Hulipiwa Mombasa."
Akavaa miwani yake.
Miaka tisa naandika majina humu,
sikujua kuna nyingine.

Ijumaa nikabandika tangazo kando ya ghala la magunia.
"Nisomee," akasema Mbodze. Nikamsomea lote,
nikipunguza sauti penye macho.
Hakulia, hakutukana.
"Nisomee tena ile tarehe."
Mwisho wa mwezi.
"Siku kumi na moja," akasema, akaondoka upesi
kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Jumatatu madimbwi yalikuwa matupu.
Meneja alinipigia simu: watu wako wapi?
Sikumsikia vizuri, palikuwa na kelele.
Nilikuwa kwenye foleni ya hospitali mjini,
mbele yangu na nyuma yangu wategemezi,
wengine kwa fimbo, wengine mgongoni,
mama amenishika kiwiko,
au mimi nimemshika yeye.
Na kule mbele Mbodze, miwani mipya usoni,
karatasi ya bei bado inaning'inia sikioni,
akisoma kwa sauti kila kilichoandikwa ukutani:
Lipia Hapa. Usiteme Mate.
Choo. Choo. Lipia Hapa.