Mto Chini ya Visigino

Walikuwa wamemketisha juu ya mito saba,
mgongo wima ukutani, kofia ya sufu kichwani,
maana nyumba ya Toktosun haijawahi
kumlaza mwenye nyumba mbele ya wageni.
Na wageni ndio sisi: mimi, dereva,
na sanduku la dawa lililoganda bawaba.

Farasi alimponda ubavu tangu alfajiri.
Damu ilikuwa ikimwagikia ndani kwa ndani,
kama pesa ya mlevi, haijulikani iendako.

Nikafunga mpira mkononi. Nikapapasa.
Nikapigapiga kiwiko kwa vidole viwili.
Ngozi tu, baridi kama chupa.
Sindano ya kwanza, patupu.
Ya pili ikaingia, ikatoka, ikaacha doa la zambarau.
Mkewe, Anarkul, alikuwa akihesabu kwa midomo.

Mshipa si mkaidi. Mshipa ni mwoga.
Damu ikipungua hujikunja, hujificha,
mtoto aliyesikia mlango ukibamizwa.
Hauitwi kwa nguvu.
Huitwa kwa mteremko.

Nikasema: mlazeni. Kichwa chini, miguu juu.
Chumba kizima kikanyamaza.
Dooron, mwanawe, akanitazama kana kwamba nimetukana:
miguu ya baba, juu ya kichwa cha baba?
Sikuwa na muda wa kueleza habari za moyo.
Nikanyoosha kidole dirishani, bondeni,
ambako mto Naryn ulikuwa ukishuka chini ya barafu.
“Ule, nani amewahi kuuona ukipanda?”

Ni Anarkul aliyeanza. Akachomoa mto wa kwanza,
wa pili, ule mwekundu wa harusi yao,
akaisukuma yote saba chini ya visigino.
Kofia akaivua mwenyewe, akaipakata,
isije ikagusa sakafu.

Nikamgeuza uso upande wa kushoto.
Tukasubiri. Pumzi nne. Tano.
Dereva akakohoa, akajuta.
Na pale juu ya mtulinga, polepole,
ukanyanyuka
mshipa wa shingo, mnene, wa buluu,
kama aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.

Sindano ikaingia mara moja.
Dripu ikaanza kudondoka.

Baadaye, njiani au karibu na njiani,
Toktosun akafumbua jicho moja, akaitazama miguu yake
iliyokalia nafasi ya heshima.
“Basi,” akanong’ona,
“leo hiyo ndiyo ipewe chai kwanza.”